Ukuta wa Mbele

Fundi mwashi huyu kijiji kizima kinamwita Nyoosha, maana neno lenyewe halimtoki mdomoni. Tofali likikaa upande, "Nyoosha hapo." Mtoto akiinama mezani, "Nyoosha mgongo." Vijana wanasema hata siku ya harusi alimwambia bibi harusi anyooshe shela. Yeye anacheka tu, hakanushi. Na rangi, hapaki nyumba isiyoezekwa hata umbembeleze vipi.

Basi fedha za kijiji zikatoka, zahanati ijengewe chumba cha kujifungulia. Aliyetangaza ni mwenyekiti, shemeji yake, kaka wa mkewe kabisa. Nyoosha akapewa kazi. Binti yake alikuwa na mimba changa, kwa hiyo mzee wa watu akawa anajenga huku anaimba: mjukuu atazaliwa humu.

Ukuta wa mbele ulipofika juu, saruji ikakatika. Ila nyumba ya mwenyekiti, ghafla bin vuu, ikaota baraza, na baraza ikaota vigae.

"Shemeji, saruji vipi?"

"Inakuja. Wakaguzi wanatangulia. Wewe piga lipu huo wa mbele, paka rangi, weka mlango na kufuli. Hao hawashuki kwenye gari, jua kali."

"Na nyuma?"

"Nyuma nani anaangalia? Usiniaibishe, shemeji. Ni wiki moja tu."

Akapaka. Wakaguzi wakashusha kioo, wakapiga picha, wakaondoka. Wiki ikazaa wiki. Kila jioni Nyoosha alitaka kumwambia binti yake ukweli, kila jioni akajiambia saruji ikija kesho ataonekana mzushi.

Uchungu ukaanza siku ya mvua, Nyoosha yuko kibaruani kijiji cha pili. Nesi akasema sina pa kumlaza, mpelekeni mjini. Mwenyekiti akatoa gari lake, likanasa kwenye tope, akambeba mpwa wake mgongoni huku analia. Mtoto akazaliwa kando ya barabara. Hakulia.

Mkutano wa kijiji ulipoitwa, mwenyekiti alisimama akasoma taarifa kwamba chumba kimekamilika. "Wanaounga mkono, mikono juu."

Nyoosha alikuwa amejiandaa kusimama. Mkono wa kwanza kwenda juu ukawa wa binti yake, amekaa naye bega kwa bega.

"Shusha, mama," akanong'ona. "Hakuna chumba pale. Ni ukuta tu."

"Najua, baba."

"Kwa sababu alikubeba?"

"Hapana." Hakumwangalia. "Wenzangu wenye mimba walienda mjini kwa ndugu zao kusubiri. Shangazi akaniita na mimi. Nikamwambia baba keshapaka rangi, nitazalia hapa."

"Shusha tu," Nyoosha akanong'ona tena.

"Nikishusha wataanza kuuliza," binti akasema taratibu. "Watauliza nani alipaka. Acha tu yapite, baba."

Mikono mingine ikawa inapanda, mmoja mmoja, kwa uvivu. Nyoosha akasimama.

"Nilipaka mimi," akasema. "Nyuma ni majani. Nilijua."

"Shemeji, kaa," mwenyekiti akamwambia kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Msiba umekuchosha. Jamani, mpeni maji."

Mtu akamletea maji kweli. Hakuyapokea. Pembeni yake binti akashusha mkono, akajifunika nao uso, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua akalia kwa sauti, mbele za watu wote. Baba yake akabaki amesimama palepale, hajui amguse au asimguse.