Alinyanyua Mkono Ili Gazeti Limuone

Wasomaji wa ukurasa huu, ninawasalimu wote. Jina langu nimeomba lifichwe, maana familia ya bwana wangu iko na hasira na mimi na wengine wao wanasoma hapa. Niko na miaka ishirini na sita, mjane, mama ya mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitatu. Ninakaa hapa hapa Kisangani, ninauza pondu na chikwanga, majani na mkate wa muhogo. Mukiniona sokoni nikicheka na wateja, musidanganyike. Moyo wangu umekwisha.

Bwana wangu alikuwa na mtumbwi mkubwa wa motere, yaani injini, akipeleka watu na mizigo Isangi na kurudi. Pale port wote walimwita Papa Motere. Siku ya yenga, yaani Jumapili, misa ikiisha, yeye na rafiki zake walishindana mwendo toka ng'ambo ya Lubunga mpaka kwenye ngazi za port. Jamani, ilikuwa raha! Mama wazima walirusha vitambaa vyao hewani. Kitu kimoja tu kilimkera: gazeti halikuandika hata neno. Wazungu wa klabu wakizungusha mashua zao, wiki ile ile foto iko gazetini. Sisi, kimya.

Basi akaanza kumfuata mwandishi mmoja wa gazeti, kijana wetu mweusi wa tai na miwani. Kila akimwona katika mtaa wa Makiso, anamshika mkono. Siku moja nilikuwepo.

"Papa Motere, football watu banaijua," kijana akamwambia. "Mutumbwi unapita mara moja, kisha iko kelele tu. Donc nitaandika nini?"

"Hata weye uko kelele tu, na bibi yako anakusikiliza!" bwana wangu akamjibu.

Wakacheka wote wawili. Lakini njiani kurudi nikajua imemuuma. Mimi na mdomo wangu nikamchokoza: "Gazeti la leo, kesho ni la kufungia karanga. Unalitakia nini?"

"Hata karanga, Mama Kadogo, mutu anasoma mbele ya kula," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Miye papa yangu alikufa bila foto. Sura yake nimeisahau. Kweli, nimeisahau kabisa. Sitaki mutoto wangu afike pale."

Sikumchokoza tena. Aliendelea kumfuata yule kijana, akampelekea samaki, akamwombea hata mistari miwili tu, mpaka kijana akachoka. "Bon, yenga hii nitakuja na mutu wa foto." Ee Mungu wangu, furaha ile! Akanunua shati jeupe. Nikalipiga pasi, hakuridhika, nikalipiga tena.

Siku ile nilisimama kwenye ngazi, mtoto mgongoni. Bwana wangu alikuwa mbele ya wote, amesimama upande wa nyuma wa mtumbwi wake, mkono kwenye motere. Nilikuwa nikipiga vigelegele. Mara akaiona ile mashine ya foto. Ndugu zangu, aliiachilia motere, akanyanyua mkono juu, akacheka meno yote nje. Mtumbwi ukageuka ubavu, na ule uliokuwa nyuma ukampanda. Mtu aliyezaliwa mtoni, aliyejua kuogelea mbele ya kutembea! Wavuvi walimleta kesho yake.

Alikuwa akiomba mistari miwili. Gazeti likampa ukurasa mzima, na foto, mkono juu. Walilileta mpaka kwenye matanga, mtu mmoja akalisoma kwa sauti, na mimi nikalia mpaka sauti ikakauka. Yule mwandishi naye alikuja. Alilia kuliko ndugu wa marehemu. Akanipa foto yenyewe, ya karatasi nzito, akasema, "Mama, unisamehe." Ndiyo foto pekee niliyo nayo. Hatukuwa na nyingine, hata ya ndoa.

Sasa mwaka umepita, na rafiki zake wamekuja nyumbani pamoja na yule mwandishi. Wanasema gazeti limekubali kuandika mashindano yao kila wiki. Ila wakubwa wanataka ile foto iwekwe juu ya habari kila mara, na mwandishi ameapa kwamba bila neno langu hataiweka.

"Shemeji, watu wanaipenda sana," mmoja akasema.

"Wanapenda nini? Bwana wangu akifa?"

Wakainamisha vichwa. Kisha yule yule akasema polepole, "Shemeji, si ndiyo kitu alitaka?" Na ni kweli.

Mama mkwe wangu hataki hata kusikia. "Ile iko foto ya kifo. Choma! Mutoto wangu asiuawe kila yenga." Ameniambia nikiwapa ruhusa, nisikanyage tena kwake. Na juzi sokoni, muuza karanga alinifungia karanga ndani ya gazeti lile la zamani. Nilipofungua, uso wa bwana wangu ulikuwa na chumvi. Nilizimwaga zote chini, watu wakanishangaa.

Lakini mtoto wangu anamjua baba yake kwa ile foto tu. Kila asubuhi anasimama mbele yake ukutani, ananyanyua mkono, anacheka meno nje vile vile. Mama mkwe akija akimkuta hivyo, anaupiga ule mkono mpaka aushushe. Mtoto anageuka kuniangalia mimi, niseme nani iko na haki.

Nikiichoma, atakua bila sura ya baba, kama baba yake alivyokua. Nikiiacha ukutani bila kuwapa ruhusa, gazeti litanyamaza tena, na ule mkono wa mtoto utaendelea kupigwa. Nikiwapa, kile alichokifia kitapatikana, na mimi nitamwona akianguka majini kila wiki, mpaka kwenye karanga. Mama zangu, papa zangu, ninyi mungefanya nini? Nishaurini. Mukitaka hata munigombeze, nitasikiliza. Lakini musiniambie nisahau.