Mama Funguo na Ahadi ya Koridoni

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Funguo anausukuma mlango wa pembeni wa kanisa kwa bega. Mbao zimevimba kwa unyevu, ufunguo peke yake haufui dafu. Juu ya gauni lake jipya amefunga aproni ya kazi. Leo anamwoza binti yake wa kwanza, lakini viti havijipangi vyenyewe.

Huyu ndiye mtunza kanisa, mjane wa makamo, aliyeanza kazi hapa wakati kulikuwa na mchungaji mmoja tu. Waumini walipopita elfu nne, mchungaji huyo alikimbia huku na huko hadi siku moja akaanguka madhabahuni kwa uchovu. Wazee wa kanisa wakaita wengine wawili. Sasa wako watatu, hakuna mkubwa wala mdogo. Wanapokezana mimbari, na ratiba huamuliwa katika kikao cha kila Jumanne.

Shida ni kwamba waumini hawana subira ya kungoja Jumanne. Humvizia mchungaji koridoni wakiomba siku ya shughuli zao, na wakikataliwa na huyu wanamwendea yule.

"Kama watoto tu," anasema Mama Funguo. "Baba akikataa, wanakimbilia kwa mama."

Ndiyo maana huwajibu wote kwamba ahadi ya koridoni haifungui ukumbi. Amewarudisha wanakwaya, amewarudisha matajiri, na mzee mmoja wa kanisa alimnunia mwezi mzima.

Kisha binti yake akachumbiwa. Mama Funguo, ndoo mkononi, akakutana na mchungaji kijana koridoni akamweleza. Mchungaji akafurahi, akasema Jumamosi saa tano ataifungisha ndoa hiyo mwenyewe. Yeye akadhani mama ataipeleka kikaoni. Mama akadhani mchungaji ataipeleka. Kadi zikagawiwa.

Jumanne ya wiki hii mchungaji kijana alikuwa safarini. Mchungaji mzee akaleta kikaoni msiba wa mwalimu wa watoto, mtu aliyefundisha nusu ya kanisa hili. Jumamosi saa tano ilikuwa wazi, wakakubaliana. Mama Funguo alipata habari alipoambiwa aandae viti vya ibada ya mazishi.

Mchungaji kijana aliporudi, aliona aibu, akataka msiba usogezwe. Wenzake wakawa tayari, kwa sababu mama ni mtu wa nyumbani. Aliyekataa ni mama mwenyewe. Wana wa marehemu walikuwa tayari njiani.

"Nililia chooni, sikufichi," anasema. "Lakini nikijipendelea leo, kesho nitamzuia nani mlangoni?"

Akaomba ndoa ifungwe saa mbili asubuhi. Binti yake alikaa siku mbili bila kusema naye, ila mara moja tu, wakiosha vyombo.

"Miaka yote unalipigia deki kanisa hilo, mama, na siku yangu ndiyo limekosa nafasi?"

Mama akaendelea kusuuza.

Saa mbili kamili, wageni wameketi, wengine bado wanapiga miayo. Shangazi wa bwana harusi anamwambia jirani yake kwamba wameamshwa kama wanaowahi gulio. Ndoa inafungwa. Mchungaji kijana anaanza, mchungaji mzee anabariki.

Wageni wakitoka, Mama Funguo anavaa tena aproni na kuanza kufungua utepe mweupe kwenye viti. Upande wa pili wa safu, mtu mwingine ameinama akifungua. Ni bibi harusi, shela lake limerushwa begani.

"Utalichafua gauni, mwanangu."

"Mwalimu alinifundisha na mimi, mama. Shika huku."

Binti wa pili naye ana mchumba. Safari hii Mama Funguo hataki kukisia nani kampelekea nani habari. Ameomba mtunza kanisa apewe kiti katika kikao cha Jumanne. Anapoulizwa kama wachungaji wamekubali, anakunja utepe na kucheka.

"Wawili wamekubali," anasema, "ila ni koridoni. Nangoja Jumanne."