Koti la Kuombea Basari

Mnicheke taratibu, nimeshajicheka vya kutosha. Mwezi uliopita nilijiandikisha shule ya watu wazima hapa Stockholm nisomee kazi ya kutunza wazee, nikasikia serikali hutoa msaada wa masomo. Mimi nimelelewa Kenya, ambako basari huombwa kwa barua ya chifu na sura ya huzuni. Basi nikavaa koti kuukuu ambalo mume wangu hulivaa akipaka rangi, nikaenda Vällingby kumwona mshauri wa shule.

Nilimwaga shida zangu zote, na nyingine nikazitunga papo hapo. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho.

“Msaada huu hauulizi kama wewe ni maskini,” akasema kwa upole. “Unajaza fomu mtandaoni, basi.”

Nilipoinuka, akalitazama koti langu. “Subiri kidogo. Kuna kanisa Hallunda linalogawa nguo za baridi bure. Ngoja nimpigie msimamizi, anaitwa Mama Neema. Hatujawahi kuonana, lakini kwenye simu ni mkarimu sana.”

Akabonyeza namba. Simu ikalia mfukoni mwa koti langu.