Farasi Bingwa na Ngamia Wangu wa Balambala

Nilitoka Garissa kwa sababu moja: mwanangu Abdirizak alitaka niuze ngamia wangu majike walioko Balambala, ninunue hisa ya farasi. Siyo farasi mzima, hisa. Farasi mwenyewe alikuwa bingwa wa mbio, sasa kazi yake ni kupanda majike, na kila mwenye jike analipa. Nikasema sawa, twende nikamwone huyo sultani. Shule niliiacha kabla haijanizoea, lakini mnyama simnunui kwa picha ya simu.

Baada ya sala ya alfajiri tulitoka Waberi, mtaani kwetu Garissa, kwa gari langu, Abdirizak akiendesha. Tukavuka daraja la Tana, tukala Mwingi. Njia nzima ananisomea sifa: huyu alishinda mbio zote kubwa, baba yake bingwa, babu yake bingwa. Nikauliza, na mama yake je? Akatafuta kwenye simu, hakumwona.

Alasiri tukafika nyanda za juu, kwenye baridi yao. Farasi analala katika nyumba ya mawe, amevaa blanketi, anakula shayiri, ana daktari wake. Nikauliza anavumilia siku ngapi bila maji. Meneja wa shamba, Bwana Karanja, akacheka, akidhani natania.

Mnyama ni mzuri, sikatai. Ngozi inang'aa kama kiatu cha mbunge. Karanja akanionyesha kabati la vikombe. Nikamwambia hivyo havinyweki chai. Kwetu dume la ngamia hupimwa kwa binti zake: kiangazi wanatoa maziwa, au hawatoi.

"Watoto wake wakoje?" nikamuuliza.

Akakuna kichwa. "Kwa sura, wazuri, mzee. Kwa mbio, bado hajatokea wa kumfikia baba."

"Na bado mnalipisha?"

"Watu wanalipia jina."

Nikamwambia dume langu jirani yeyote huja akaliazima, na simtozi kitu, maana dini yetu imekataza kuuza upandaji wa dume. Halafu niuze ngamia wanaolisha watu maziwa, ninunue jina? Abdirizak alisikia yote.

Siku ya pili tukarudi. Mpaka Thika mimi ndiye msemaji: bingwa gani huyo, amekimbia peke yake, watoto wanakula shayiri ya baba. Tulipoipita Mwingi, Abdirizak akasema, macho yakiwa barabarani:

"Aabo, umeuliza watoto wake wakoje. Mtu akija Garissa akakuuliza wewe hivyo, utamjibu nini?"

Nikaanza kuhesabu moyoni. Huyu ni mtu mzima, ana mke. Anaendesha gari langu, anauza dukani kwangu, na hata bei ya sukari napanga mimi. Wale watoto wa farasi angalau waliachiwa uwanja, wakashindwa wenyewe. Hilo ndilo nililojifunza huko, na limenijia kutoka kwa mnyama anayevaa blanketi.

Darajani nikamwambia ngamia hawauzwi, hilo limekwisha. Lakini kesho aende Balambala. Kiangazi hiki awaongoze yeye: malisho yapi, kisima kipi, dume lipi lipande.

Akapunguza mwendo. "Na ukisikia nimekosea, aabo?"

"Nitakuwa Waberi," nikasema, "na simu nitaizima."