Mzee wa Warumi na kadi yangu

Zahanati ya kwetu Tegeta tunapanga kadi mezani, aliyewahi yake inakaa juu. Juzi mwanangu anachemka homa, mie nahangaika naye, mzee mwenye tai aliyefika nyuma yangu akaanza: "Jikaze, binti. Warumi wa kale walimpima mtu kwa anavyoibeba shida."

Nikainama kumfuta mtoto jasho. Kuinuka, kadi yake iko juu ya yangu!

"Shikamoo baba, lakini kadi umeihamisha."

"Bahati tu, binti."

Jamani! Shida niibebe mie, bahati aichukue yeye?

"Bahati haina mikono, baba! Irudishe!" Nilipiga kelele mpaka nesi akachungulia.

Akairudisha, akaninong'oneza: "Usimwambie mtu."

Nikaahidi. Nimewaambia nyie tu, sitamwambia mwingine.