Aliyekuwa Anashika Ngazi Tu

"Umesikia? Mama Waya amelifunga trela la mhandisi."

Mshona nguo aliyasema hayo na pini mbili zikiwa zimebanwa midomoni, na bado kila neno likatoka safi. Mama Pacha alikuwa amefuata blauzi yake, mtoto mmoja mgongoni, mwingine chini akivuta utepe wa kupimia.

"Amelifunga na nini?" akauliza.

"Na nini tena! Siku ya tatu hii picha haiingii kwenye runinga yao. Shemeji yake, yule fundi, kabadilisha waya, kageuza antena huku na huku, wapi! Kasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba pale pana mkono wa mtu. Sasa mwenye kinyongo naye ni nani, kama si yule mjane?"

Mama Pacha akamnyang'anya mtoto utepe, akachukua blauzi yake, akaaga. Hakubisha. Mshona nguo akishapata habari huwa haibishiwi, huongezewa tu. Lakini njiani kote aliyarudiarudia maneno yale, maana Mama Waya alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, na alimjua.

Zamani Mama Waya hakuwa mtu wa chumba kimoja. Yeye na mumewe walikuwa na karakana kando ya barabara kubwa, wakitengeneza redio, runinga na antena. Miaka ya mwanzo mume alipanda mapaa na mke akashika ngazi. Kisha goti la mume likaharibika, wakabadilishana. Kwa miaka kumi na miwili mke ndiye aliyekuwa juu, na mume chini akiinua shingo na kupiga kelele, "Geuza kidogo! Hapo hapo!" Watu waliopita waliona mwanamke juu ya bati wakacheka, wakapita, wakasahau.

Mume alipofariki, ndugu walikaa kikao. Mdogo wa marehemu, ambaye kazi yake pale karakana ilikuwa kukaa kaunta na kuuza betri, alisimama akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya huruma, "Shemeji yetu ni mtu mzuri. Lakini tusidanganyane, jamani. Alikuwa anashika ngazi tu."

Basi. Kwa maneno hayo karakana ikaenda, kibao kikaenda, kipimo cha mawimbi kikaenda, na ngazi yenyewe ikaenda. Mama Waya alitoka na koleo moja, na hilo ni kwa sababu lilikuwa limefungwa pindoni mwa kanga aliyojifunga siku ile. Wateja nao wakafuata kibao. Hata wale aliokuwa amepanda kwenye mapaa yao kwa miguu yake, walipokutana naye walimwuliza, "Siku hizi unafanya nini, mama?"

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Miaka minne alikuwa akitengeneza redio mbovu za majirani kwenye kizingiti cha dirisha, na Mama Pacha, akinyonyesha upande wa pili wa ukuta, alimsikia. Parafujo likikaza sana, Mama Waya husema peke yake, taratibu, kama mtu anayehesabu, "Ngazi tu. Haya. Ngazi tu."

Trela lilikuwa uwanjani nyuma ya kambi ya watengeneza barabara. Lilikuwa jeupe, la bati, lenye mstari wa buluu ubavuni na magurudumu mawili, na ndani mlikuwa na kitanda, jiko, na meza inayokunjwa ukutani. Mhandisi aliishi humo na mkewe, wakihamishwa kila barabara ilipohamia. Mama Pacha alikuwa akiwafulia nguo. Siku ile alimkuta mke wa mhandisi amesimama katikati ya trela, rimoti mkononi, mbele ya kioo cheusi kilichoandikwa HAKUNA MAWIMBI.

"Jumamosi saa kumi binti yangu anasoma habari," mama yule alisema bila kugeuka. "Mara ya kwanza. Nimemsomesha kwa kuhamahama namna hii, shule sita, na siku anapoingia ndani ya kioo mimi sitaweza kumwona."

Juu ya kitanda palikuwa na gauni limepigwa pasi, limetandazwa vizuri. Mama Pacha akalitazama. Mama mtu alikuwa ameandaa gauni la kumtazamia mwanawe, kana kwamba binti ndiye atakayemwona yeye. Akajikuta anamkumbatia mtoto aliye mgongoni kwa mkono wa nyuma.

"Dada," akasema, "yuko fundi mwingine."

"Yule wanayesema amelifunga trela langu?"

"Huyo huyo."

Mke wa mhandisi akaitazama ile rimoti, akaitupa kitandani. "Mlete. Kama ndiye aliyefunga, si ndiye atakayefungua!"

Jioni hiyo Mama Pacha alipeleka ujumbe. Mama Waya alikuwa amefungua redio, matumbo yake yote nje. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Ni trela lenye kishikio ndani cha kuzungusha ili antena ipande?"

"Ndiyo, mama. Kiko darini."

"Na yeye alibadilisha waya."

"Kapitisha mpya dirishani, moja kwa moja mpaka kwenye runinga."

Mama Waya akaweka koleo chini. Mama Pacha hakuwahi kumwona akitabasamu kwa meno yote, na alipoliona tabasamu hilo hakulipenda sana.

"Nitakuja Jumamosi saa tisa. Lakini mimi ngazi sina, mwanangu. Ngazi yangu iko kwa shemeji. Mwambie mhandisi amwite aje nayo. Yeye mwenyewe, asitume mtu."

Jumamosi saa tisa watu walikuwa wameshajipanga uwanjani kama wanaosubiri mpira. Mshona nguo alikuja na kigoda chake. Shemeji akafika, shati limechomekwa, ngazi begani. Ilikuwa ngazi ya mbao, ya zamani, kipandio cha nne kimefungwa kwa waya mwekundu. Mama Pacha alimwona Mama Waya akiutazama ule waya. Fundo lilikuwa lake mwenyewe.

"Shemeji, hujambo," Mama Waya akasema.

"Sijambo, shemeji. Nimekuja kwa heshima ya mhandisi tu. Hapa hakuna mawimbi, nilishasema. Ni bondeni hapa."

"Mawimbi hayapo, au pana mkono wa mtu? Chagua moja, watu wakuelewe."

Mshona nguo akakohoa. Watu wakacheka, na shemeji akajitia kuifuta ngazi vumbi.

Mama Waya aliingia trelani kwanza, na Mama Pacha nyuma yake. Hakugusa runinga. Alifungua kabati dogo lililo kando yake, mlimopangwa sahani, akazisogeza kidogo. Nyuma ya sahani, ukutani, palikuwa na kibati chenye tundu la waya, swichi ndogo, na kitaa kisichozidi punje ya mchele. Kitaa kilikuwa kimezima. Mama Waya akakitazama, akazirudisha sahani zilipokuwa, akafunga kabati.

"Ndiyo hiyo?" Mama Pacha akanong'ona.

"Ndiyo nini? Twende juu."

Nje alitegesha ngazi ubavuni mwa trela, akaitikisa, akageuka.

"Shemeji. Nishikie."

"Nikushikie?"

"Ngazi. Uwanja una mchanga, itateleza. Mhandisi, au nianguke kwenye trela lako?"

"Mshikie, bwana," mhandisi akasema, macho kwenye saa yake.

Shemeji akashika. Mama Waya akapanda, kanga imekazwa kiunoni, nyayo zake kwenye vipandio zikijua zinapokwenda. Alipofika juu akauliza kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto, "Umeshika?"

"Nimeshika!"

"Shika kwa mikono miwili! Ngazi haishikwi kama mkoba!"

Kicheko kilipita uwanjani. Kisha ikaanza kazi. Mama Waya aliufungua waya mpya, akaukagua ncha. Akaupata ule wa zamani uliokuwa umeachwa ukining'inia kando ya tundu lake la paani, akaufuta kutu kwa ncha ya koleo. Akaupulizia. Akaufuta tena. Jua lilikuwa kali, na shemeji alikuwa amesimama upande wa jua.

"Shemeji, uko?"

"Niko!"

"Nasikia ngazi inacheza! Hii ni kazi, si kusimama tu! Au hujawahi kuifanya?"

"Endelea na shughuli yako, mwanamke!"

"Shughuli gani tena, na mimi ni mtu wa kushika ngazi? Mnaniona jamani, niko chini au niko juu?"

"Uko juu!" watu wakaitikia, wameshanogewa. Hata mshona nguo. Jasho la shemeji lilishuka toka kwenye nywele hadi kidevuni, na hakuwa na mkono wa kulifutia.

Mama Pacha alicheka pamoja na wengine. Alikuwa na haki ya kucheka, aliyasikia yale maneno ya ukutani kwa miaka. Kisha akachungulia dirishani. Mke wa mhandisi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni lake amelivaa, mikono mapajani, anakitazama kile kioo cheusi. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika tatu.

Kicheko kikamkauka. Akaenda mpaka chini ya ngazi, akainua uso.

"Mama."

"Subiri."

"Mama, mwenzako anamsubiri mtoto mle ndani."

Mama Waya akatazama chini. Alimtazama Mama Pacha, kisha kile kichwa chenye jasho kilichokuwa chini ya nyayo zake, akakitazama kwa muda, kama mtu anayeondolewa sahani kabla hajashiba. Akakaza waya wa zamani kwa mizunguko mitatu ya koleo. Mitatu tu. Akashuka.

Ndani alimwambia mhandisi azungushe kishikio cha darini mpaka antena isimame, kisha aigeuze ielekee mlima wenye minara. Yeye akafungua kabati, akatoa sahani zote akampa Mama Pacha, akachomeka waya mfupi toka kwenye kibati hadi kwenye runinga, akabonyeza swichi. Kitaa kikawaka kijani.

"Antena ya trela si ya nyumba," alisema, na alikuwa amefungua mlango wazi ili wa nje wasikie. "Ina busta kichwani, ya kuongeza nguvu ya mawimbi, na busta inakula umeme. Umeme unapanda kwa waya ule ule unaoshuka na picha. Mlipokuwa barabarani sahani zimeegemea swichi zikaizima. Aliyelifunga trela ni sahani! Kisha akaja fundi akauchomoa waya wa umeme, akaweka wake. Tulitengeneza matrela kumi na moja ya kambi ya daraja, marehemu na mimi. Wewe ulikuwa unauza betri, shemeji."

Runinga ilikuwa ikitafuta chaneli upya, namba zikipanda moja moja. Moja, nne, tisa. Ghafla kioo kikajaa rangi, na ndani yake akakaa msichana mwenye shingo ndefu kama ya mamaye, ameshaanza kusoma. Salamu ilikuwa imepita. Jina lake alilojitambulisha nalo lilikuwa limepita.

Mke wa mhandisi hakujua alichokosa. Alisimama, akaenda akaweka kiganja juu ya kioo, akasema, "Amekonda." Kisha akalia.

Mama Pacha alijua. Alisimama na sahani zake mikononi, akapiga hesabu ya dakika: kazi ya robo saa ilikuwa imechukua saa nzima. Alipogeuka alikutana na macho ya Mama Waya, akaona kwamba naye anajua, na kwamba hajutii, au kama anajuta, basi si leo.

Nje shemeji alikuwa ameshaiinua ngazi begani.

"Iache," Mama Waya akamwambia.

"Ngazi ya karakana hii."

"Soma hilo fundo la kipandio cha nne. Lifungue, kisha ulifunge hivyo hivyo mbele ya watu. Ukiweza, ondoka nayo."

Shemeji alilitazama fundo. Watu wote walilitazama pamoja naye. Akaiegemeza ngazi kwenye trela, polepole, akaondoka akipitia nyuma ya kambi, ambako hakuna njia.

Walirudi nyumbani wamebeba ngazi, Mama Waya mbele na Mama Pacha nyuma, mtoto mmoja mgongoni, mwingine anatembea katikati kama yuko ndani ya uzio. Walikutana na watu watatu waliosema runinga zao zina chenga. Mama Waya aliwaitikia wote kwa utulivu, lakini mwendo wake haukuwa wa kila siku.

"Mama," Mama Pacha akasema walipokaribia, "yule mama amekosa mwanzo."

"Naelewa."

Mama Waya akahamishia ngazi bega la pili.

"Shemeji alinisimamisha miaka minne," Mama Waya akasema. "Mimi nimemsimamisha saa moja. Saa moja tu, mwanangu. Yule mama nitampandia bure siku nyingine nimwekee vizuri. Yule mama sina neno naye."

Waliiegemeza ngazi ukutani, kati ya milango yao miwili. Mama Waya akaingia chumbani, akatoka na ubao wa kitanda kibovu na kikopo cha rangi nyeusi, akavifuta vumbi kwa kanga.

"Wewe ulimaliza darasa la saba," akasema. "Mwandiko wangu mimi ni kama kuku kapita. Niandikie kibao. Tutakisimamisha barabarani, ng'ambo ya karakana, kielekee mlango wa shemeji, aamke nacho na alale nacho. Andika: Fundi wa Antena. Herufi kubwa, asome bila miwani. Halafu chini yake, ndogo kidogo lakini zionekane, niandikie: Nafasi ya kazi ipo. Anatafutwa mtu wa kushika ngazi."