Bakuli la Miaka Sita

Saturnina Ticona hakuwa mtu wa kudanganywa mara mbili. Utotoni alisoma shule ya kijiji miaka mitatu, na miaka yote mitatu mwalimu aliwaandikia ubaoni sentensi ileile, nao wakainakili mpaka vidole vikaota sugu. Hakuna aliyewaambia inasema nini. Akatoka hajui kusoma hata jina lake, akarudi kuchunga kondoo, akaolewa, akafiwa na mume, akazeeka, na uchungu ule hajautua. Msimcheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa hiyo mjukuu wake Yaneth alipoingia darasa la kwanza, akaagizwa apeleke bakuli la bati, lijazwe maji, liachwe uani usiku wa Juni, Saturnina alimpa. Darasa la pili, bakuli. La tatu, bakuli tena! Sasa Yaneth yuko la sita, na mwalimu Nélida, anayefundisha madarasa yote sita peke yake katika chumba kimoja, kaagiza nini? Bakuli.

"Hapa kuna namna," Saturnina alimwambia jirani yake Fortunata wakichambua viazi. "Huyu mwalimu kaishiwa. Anawazungusha watoto palepale kama punda wa kupura shayiri."

"Au anaita mvua ya mawe na hayo mabakuli," Fortunata akachochea. "Mimi simo."

"Kesho namtoa Yaneth. Kondoo angalau wanazaa."

Jioni ileile Saturnina alikuwa anaanika viazi vyake uwanjani. Bila usiku wa barafu wa kuvigandisha hakuna viazi vikavu vya chuño, na bila chuño mwaka mzima supu ni maji na chumvi. Yaneth akaja mbio, daftari mkononi.

"Bibi, usianike leo! Tazama mawingu yanavyopanda kutoka ziwani. Yakifunika, baridi haitang'ata, viazi vitaoza."

"Nani kakwambia?"

"Daftari langu. La tangu darasa la kwanza."

Machale yakamcheza Saturnina. Ehee! Kumbe sasa mwalimu anataka yeye akose hata chuño yake. Akamwaga magunia yote saba, la mwisho kwa makusudi kabisa. Jua likazama, upepo ukageuka ukampiga mgongoni. Akakaza shali, akaendelea kutandaza.

Asubuhi viazi vilikuwa vimeganda, vigumu kama mawe. Saturnina akacheka peke yake uwanjani, akavaa kofia yake ya sikukuu, akashika njia ya shule.

Mlangoni, kitu cha kwanza alichofanya ni kuuchukua mkoba wa Yaneth msumarini. Yaneth mwenyewe alikuwa mbele ya ubao, uso umemwiva.

"Jana Yaneth alibashiri, na amekosea," mwalimu Nélida alikuwa akisema. "Sasa tutafute kwa nini. Darasa la kwanza, mmeona nini kwenye bakuli?"

"Maji yamekuwa jiwe!"

"La pili?"

"Barafu ina unene wa kidole kimoja."

"La tatu?"

"Kipimajoto kimeshuka nyuzi tisa chini ya sifuri."

"La nne?"

"Mawingu yalikuwepo jioni. Asubuhi hayapo."

"La tano?"

"Bakuli tulilolifunika majani halikuganda. Mawingu nayo ni hivyo hivyo, blanketi."

"Haya, Yaneth. Blanketi lilikwenda wapi?"

"Sijui, mwalimu. Niliangalia mawingu tu."

Saturnina alisimama na mkoba begani. Mjukuu wake alikuwa amepita madawati yale yote, moja kila mwaka, na yeye nyumbani akaona bakuli tu. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Lakini jibu analijua, na mdomo wake haukumngoja.

"Upepo! Jua lilipozama upepo uligeuka, ukatoka mlimani. Upepo wa mlimani hufagia mawingu. Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo kuliko hawa. Mbona hamkuuliza?"

Watoto wakageuka. Saturnina akajikaza, maana katika shule yake aliyesema bila kuulizwa alichapwa.

"Ni kweli, bibi, hatukuuliza," mwalimu akasema. "Yaneth, andika. Na jina la aliyesema."

Kalamu ikakwaruza. Yaneth akasoma: "Upepo wa mlimani hufagia mawingu. Kasema bibi yangu, Saturnina Ticona."

"Jina langu liko wapi hapo?"

Yaneth akaweka kidole. Saturnina akainama akalikodolea macho muda mrefu.

"Soma tena," akasema. "Nisikie kama hujachomeka neno."

Yaneth akasoma tena, neno kwa neno. Saturnina akaurudisha mkoba msumarini.